Mbao ya mnazi: kosa la mti au la mpasuaji?

Kitanda changu cha mnazi, nilichotengenezesha Chake Chake, kilitimiza miezi minane tu, chaga mbili zikaanza kumwaga unga. Jirani akapata la kusema: "Si nilikwambia? Mnazi si mbao, ni kuni." Nikazichomoa zile mbovu, nikazipima mkononi pamoja na nzima. Mbovu nyepesi, rangi ya majani makavu, ukucha unazama. Nzima ni nzito, ina vidoa vyeusi vilivyosongamana, na msumari unapinda usipoitoboa kwanza kwa keekee. Na zote, kwa kauli ya fundi, zimetoka gogo moja.

Ubishi wote uko hapo. Mvule na mtiki, mbao nzuri huifuata ndani. Mnazi ni kinyume: ugumu uko pembezoni na chini ya shina, katikati na juu ni laini. Ukingo wa chini wa mnazi mzee hupita kilo 600 kwa mita ya ujazo, kiini hakifiki 400. Tukumbuke kuwa mbao ngumu ya mti wa mepo (maple) wa Marekani na Kanada, inayotandikwa kwenye viwanja vya mpira wa kikapu, ina kilo 700 hivi. Ukingo wetu si haba! Tena si kidogo kama watu wanavyodhani. Kwenye gogo la kipenyo cha sentimita 30, ukingo wa sentimita 5 tu kuzunguka ni zaidi ya nusu ya gogo zima. Kweli, mbao ni bapa na gogo ni duara, kwa hiyo mwingi utaishia kwenye mabanzi, lakini kinachobaki kinatosha kwa kiti, ngazi, hata sakafu.

Wanaoupinga hawasemi uongo. Nguzo ya mnazi isiyotiwa dawa, ukiichimbia ardhini, huoza kwa miaka michache. Mbao mbichi ina wanga na sukari, ukiirundika bila kuipitisha upepo inaota ukungu upesi. Na fundi yeyote atakwambia inavyomaliza meno ya msumeno. Nusu ya siku ananoa.

Hoja yao nzito zaidi ni ya jikoni. Mbao ikipata soko, nani atausubiri mnazi uzae? Hofu hii naikubali, ila nadhani mti wenyewe unaijibu kwa kiasi. Mnazi haunenepi mwaka kwa mwaka kama mwembe. Kadiri unavyozeeka shina lake ndilo linalokaza. Anayekata kijana anakosa nazi na anakosa mbao. Wa kupasua ni ule uliopita miaka 60, mrefu hata mkwezi anaukwepa, unaoangusha nazi mbili tatu kwa msimu.

Linalonikera ni bei. Nilikonunua, mbao za pembezoni na za kiini zilipangwa fungu moja, futi bei moja. Mpasuaji atazitenga kwa faida gani? Mnunuzi anapata mchanganyiko, kitanda kinaliwa, mnazi unatukanwa.

Chaga mbili mpya nimekwenda kuzichagua mwenyewe, kwa ukucha. Muuzaji alinitazama kama nachagua maembe.