Mpangaji wa Dohanini

Jamani, ughaibuni nimeonewa na wengi: baridi, bili ya gesi, dereva wa basi anayeniona nakimbia na bado anafunga mlango. Lakini kuonewa na kindi! Mnyama ambaye kwetu Muheza watoto humtoa mbio kwa manati.

Hapa Reading, mji wa Uingereza, napanga nyumba za kizamani, zile za matofali mekundu zilizobanana ukuta kwa ukuta, kila moja na dohani yake juu, ya kutolea moshi wa meko ya sebuleni. Siku hizi joto ni la gesi, dohani haina kazi, mwenye nyumba kaiacha wazi. Kindi akachungulia: pakavu, hakuna upepo, hakuna dalali wala amana. Akahamia.

Saa kumi na moja alfajiri, ndiyo kwanza nimetoka zamu ya usiku na kulaza ubavu, anaanza. Kwaru, kwaru, kwaru. Vijiti vinaporomoka mekoni, masizi yanatua kwenye zulia jeupe ambalo mke wangu analitunza kuliko anavyonitunza mimi. Na anayeangaliwa kwa jicho baya ni mimi, utadhani kindi ni wa ukoo wetu.

Nikampigia jamaa wa kuondoa wanyama waharibifu. Badala ya kuja na mtego akanisomesha sheria. Kindi wa kijivu si mwenyeji wa Uingereza. Matajiri walimleta kutoka Marekani kupamba bustani zao, wa kwanza wakaachiwa Cheshire mwaka 1876. Duke mmoja wa Bedford, yaani mwinyi mwenye cheo kikubwa, akawa anawagawa kama zawadi! Wakazaana, wakawamalizia chakula kindi wekundu wenye nchi yao, wakawaambukiza na ndui juu. Sasa wekundu wengi wamebaki Uskoti. Kwa hiyo huyu wa kijivu ukimtega, ni marufuku kumwachia tena, iwe bustanini au porini. Unatakiwa kumuua, tena umuue kwa huruma.

Nikauliza: na huruma ikinizidi, nikamfungulia? Umevunja sheria.

Hebu fikirini. Sote wawili ni wa kuja. Mimi nimepimwa kifua kikuu, nimelipia viza, nimelipia na matibabu pauni 1,035 kwa mwaka kabla sijapiga hata chafya. Yeye mababu zake waliingia ndani ya kasha wakapokelewa na duke. Hakuna aliyewauliza salio la benki. Halafu leo mimi ndiye nipewe kazi ya kumfukuza nchini?

Nikamweleza mama kwenye WhatsApp. Akacheka mpaka simu ikamponyoka. "Kuchakulo ndiye anakunyima usingizi? Washa moto, apande juu!" Nikamwambia mama, mle kuna watoto. Hawa huzaa baridi inapoisha, na tena kiangazi, watatu au wanne, na hukaa nao kama wiki kumi mpaka wajitegemee. Mama akageuka palepale. "Mzazi huyo! Ole wako umguse." Tangu hapo akipiga simu anauliza hali ya watoto wa kindi kwanza, wajukuu wake baadaye.

Kuna walioshauri niweke redio mekoni, sauti juu. Eti mama kindi akikerwa atawabeba wanawe kwa meno mmoja mmoja hadi kiota cha akiba, maana kweli huwa nacho. Nikafungulia taarabu ya rusha roho. Juu kimya, nadhani walikuwa wanasikiliza. Aliyekuja kugonga mlango ni jirani.

Dawa yenyewe, kila mtu anakubali, ni kufunika dohani kwa kofia ya wavu, ila baada ya watoto kutoka, maana ukiwahi, mama anabaki nje na wao wanaozea ndani. Fundi wa paa akaja. Hakupanda popote. Alisimama ng'ambo ya barabara, mikono mfukoni, akavuta hewa kupitia meno, nami nikajua bei imeshapanda. Anataka jukwaa la vyuma mbele ya nyumba, na kwa kuwa litasimama kwenye njia ya waenda kwa miguu, kibali cha halmashauri, nacho kinalipiwa.

Nikamtumia mwenye nyumba hesabu. Akajibu mara moja, yeye ambaye bomba likivuja huwa hana mtandao: tusubiri, labda atahama mwenyewe.

Ahamie wapi, kwa kodi hizi za Reading?