Ligi yenu ndiyo ipi?
Kila nikitoka uwanja wa Mao Tse Tung hapa Unguja jioni napita barazani kunywa kahawa, na swali ni lile lile: "Yanga kacheza na nani leo?" Mie natoka uwanjani, vumbi la viatu halijapanguswa, naulizwa Yanga! Nikisema nilikuwa nawatazama KMKM na JKU, timu zetu za hapa, wanacheka. Juzi mmoja, kashata mkononi, akanambia: "Kwani ligi yenu bado inaendelea?"

Yenu! Utasema yeye kazaliwa Kariakoo. Hii ni Ligi Kuu ya Zanzibar, bwana, si bonanza la Sikukuu. Bingwa wake anakwenda Ligi ya Mabingwa Afrika, ijapokuwa CAF, shirikisho la soka la Afrika, ilitupa uanachama kamili Machi 2017 ikatunyang'anya Julai ya mwaka ule ule (hilo nalo donge lake halijanitoka).

Halafu Januari 2024, Mlandege, timu ya ligi yetu hii, walipoifunga Simba 1-0 fainali ya Kombe la Mapinduzi pale Amaan, yule yule wa kashata akawa wa kwanza kupiga kelele: "Tumewafunga!" Tumewafunga na nani? Nikamwambia haya, nitajie wachezaji watatu tu wa Mlandege.

Akaagiza kahawa nyengine.