Hesabu za Duka ni Mali ya Mwenye Duka

Wifi yangu ana duka la rejareja pale Igoma. Juzi kafungua asubuhi kama kawaida, akakuta tableti ya mauzo imegoma. Kwenye kioo kuna ujumbe mmoja tu: malipo ya mwezi hayajapokelewa. Alikuwa Sengerema msibani, siku ya kulipia ikapita. Mauzo ya siku ile angeweza kuyaandika kwenye karatasi, hilo halikuwa tatizo. Tatizo ni kwamba madeni ya wateja wote yalikuwa humo ndani, pamoja na bei alizonunulia mzigo na hesabu ya kilichobaki stoo. Akawapigia waliomuuzia. Wakamwambia alipe kwanza.

"Wifi," akaniambia kwenye simu, "mama lishe wa hapo kona kaja na hela mkononi anataka kupunguza deni, ananiuliza limebaki shilingi ngapi. Nimeshindwa kumjibu."

Mtu amekuja kulipa, na mwenye duka hajui amdai ngapi. Hili limenikera kuliko ninavyoweza kueleza.

Wanaouza hizi mashine hapa Mwanza wanapita duka hadi duka, Buzuruga, Nyakato, Mabatini, na wanachoonyesha ni kioo kikubwa, printa ndogo na kile kidude cha kusoma bakodi. Sijasikia hata mmoja akianza na madeni. Lakini duka la mtaani huku kwetu linaishi kwa kukopesha. Tazama wanaouza kule karibu na ziwa, kuanzia Kirumba mpaka Igombe. Dagaa wanavuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea mitumbwi inakaa nchi kavu, na watu wale wale waliokuwa wakinunua taslimu wanaanza kuchukua unga, sukari na sabuni kwa mkopo. Giza likirudi wanalipa. Kila mwenye duka wa huko anajua siku hizo, na mzunguko wake wote wa pesa unakwenda hivyo. Halafu unamfungia mtambo unaodai ada tarehe ile ile kila mwezi, na akichelewa unamnyang'anya daftari la wadeni wake, katika siku zile zile ambazo pesa yake yote iko mikononi mwa wadeni hao.

Kampuni ina haki ya kulipwa, sibishi. Programu ni kazi ya watu, na asiyelipa azimiwe huduma. Wazime uwezo wa kuingiza mauzo mapya, sawa. Lakini yale aliyokwisha kuyaandika mwenye duka ni yake. Kayaandika kwa mkono wake, kuhusu bidhaa alizozilipia na wateja anaowajua kwa sura. Kwa nini asiruhusiwe hata kuyasoma?

Na jambo lenyewe ni zito kuliko wanavyolichukulia. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inamtaka mlipakodi atunze kumbukumbu zake kwa miaka 5. Anazitunzaje kama zipo nyuma ya kufuli la mtu mwingine? Halafu kuna majina na namba za simu za wateja. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika tangu tarehe 1 Mei 2023. Mama lishe alimpa wifi yangu namba yake kwa sababu anamwamini yeye. Muuza programu anamjulia wapi? Mwenye duka anayo haki ya kuuliza taarifa hizo zinakaa wapi, nani anaziona, na siku akiacha huduma zitafutwa au zitabaki.

Kuna watu wataniuliza habari za EFD, ile mashine ya kutolea risiti za kodi. Ile ni kitu kingine. Anayetakiwa kuwa nayo awe nayo, atoe risiti, jioni atoe ripoti ya Z, yaani jumla ya mauzo ya siku, basi. Lakini EFD haikuambii unamdai nani wala sukari imebaki kilo ngapi, kwa hiyo usikubali mtu akuuzie moja kwa maelezo ya nyingine. Na zile karatasi zake hufutika zikikaa kwenye joto, zipige picha mapema.

Suala la pili ni vipimo. Nilikaa kaunta ya duka moja Mabatini nikamwangalia kijana anavyouza. Mteja kaja anataka mafuta ya kula ya jero. Kijana kamimina kutoka kwenye dumu, kapokea hela, kageukia mashine. Mashine inajua lita moja tu. Akabonyeza sabuni ya mche, kwa sababu nayo bei yake ni jero, ili mradi hesabu ya pesa itoke sawa. Jioni mashine ikasema sabuni zimekwisha, na sabuni zimejaa rafuni. Dumu la mafuta likaonekana halijaguswa. Sasa hapo mwenye duka anaagiza mzigo kwa kufuata nini? Nusu ya vitu vya duka la mtaani havina bakodi na havijawahi kuwa nayo: mchele, dagaa, nyanya, mafuta ya kupima. Mtambo usiojua kuuza robo ya lita haujatengenezewa duka hili, hata uwe na kioo kizuri namna gani.

Umeme na mtandao sihitaji kueleza. Kama mashine haiwezi kuuza bila intaneti na kutuma baadaye, iache.

Lipa namba chukua. Tangu TANQR ije, ule msimbo wa QR wa malipo wa nchi nzima, mteja wa mtandao wowote anaweza kulipa kwa msimbo mmoja, na hiyo imesaidia kweli. Ila angalia meseji kwenye simu yako mwenyewe, usisomewe ya mteja.

Kwa shingo upande nakubali kwamba kauntabuku nayo ina shida zake. Inalowa, inaibwa, kijana wa duka anaweza kuchana ukurasa, na mwisho wa mwezi haikuonyeshi faida mpaka ukae na kikokotoo usiku kucha. Nimewaona walionufaika na programu ya kawaida kabisa kwenye simu waliyonayo, bila tableti, bila printa. Sipingi teknolojia, na hata wifi yangu simwambii arudi kwenye daftari tu. Nimemwambia aandike madeni sehemu mbili mpaka apate mtambo unaomwachia vitu vyake.

Kwa hiyo kijana wa mauzo akikupitia dukani, kabla hajakutajia bei, mwambie aingize mauzo matano ya mfano: mojawapo mafuta ya jero, mojawapo la mkopo. Kisha azime data. Auze tena. Halafu atoe hesabu zote kama faili la Excel na alitume kwenye simu yako, pale pale, bila kumpigia mtu ofisini. Muulize na hili: nisipolipa mwezi ujao, faili hili bado nitaweza kulitoa? Jibu lake aliandike kwenye mkataba, asaini, ndipo mzungumze bei.