Hakuna Aliyeandika Majina

Mpwa wangu ni binti wa miaka 16, anasoma Mombasa kwenye shule inayofuata mtaala wa Uingereza. Juma lililopita alinitupia daftari lake la fasihi mapajani, uso kaukunja. "Mjomba, hebu soma, kisha uniambie kama mjinga ni mimi." Alama 9 kati ya 20. Pembeni, kwa wino mwekundu: hujajibu swali.

Swali lenyewe, nikiligeuza Kiswahili, liliwataka waeleze jinsi mwandishi anavyoonyesha kuwa ushenzi umo ndani ya kila binadamu. Kitabu ni Lord of the Flies cha William Golding, kilichotoka mwaka 1954. Kwa asiyekisoma: vita vimechacha, ndege iliyobeba wavulana wa Kiingereza inashambuliwa, na watoto wanajikuta kwenye kisiwa bila mtu mzima hata mmoja. Wanamchagua Ralph awaongoze. Wanakubaliana kuwa anayeshika kombe la bahari ndiye mwenye haki ya kusema, na moto uwake mlimani ili meli zione moshi. Hayadumu. Jack, mkubwa wa wanakwaya, ananogewa na kuwinda nguruwe, anajipaka rangi usoni, anajitenga pamoja na watu wake. Simon anauawa gizani katikati ya ngoma. Piggy, mnene mwenye pumu na miwani, anaporomoshewa jabali. Ralph anawindwa kisiwa kizima mpaka anapoangukia miguuni pa afisa wa jeshi la majini.

Jibu linalotakiwa kila mwanafunzi analijua, kwa sababu ni lilelile miaka yote: sheria inapungua, rangi ya uso inaondoa haya, na yule mnyama wanayemwogopa msituni kumbe ni wao wenyewe. Kichwa cha nguruwe kilichochomekwa kwenye mti na kujaa nzi ndicho kinachomwambia Simon hivyo, na jina la kitabu linatokana na Baal-zebubu wa Agano la Kale, bwana wa nzi. Golding mwenyewe hakuficha msimamo wake. Alikuwa mwalimu wa wavulana mjini Salisbury, akaenda vitani na jeshi la majini, akawa kwenye uvamizi wa Normandy mwaka 1944, na baadaye akaandika kwamba mtu huzalisha uovu kama nyuki anavyozalisha asali. Mtu aliyeona aliyoyaona hatumshangai.

Mpwa wangu hakuandika hayo. Aliandika hivi: "Hawakuharibika siku waliyopaka rangi. Waliharibika siku ya kwanza, Piggy aliposema majina yaandikwe na kazi hiyo ikaachwa kuwa yake peke yake."

Nilidhani ni ujanja wa mtoto anayetaka kusema kitu tofauti na wenzake. Nikarudi kwenye kitabu. Nilikisoma zamani na nilichokumbuka ni jabali na damu, majina sikuyakumbuka kabisa. Kumbe yamo toka mwanzo. Piggy anamwambia Ralph kwamba hajali ataitwa nani, mradi asiitwe lile jina la shuleni. Ralph hamuulizi jina lake halisi. Analibana lile la utani kutoka mdomoni mwake, na mara wenzao wanapofika analitangaza mbele ya kundi zima, wanacheka. Mpaka mwisho wa kitabu hatujui mama yake alimpa jina gani, na hata kitabu kikimlilia kinamlilia kwa lile la kejeli.

Kisha wanakwaya wanatokea, wamepanga mistari miwili, majoho meusi kwenye jua la tropiki. Ralph anapotaka majina, Jack anakereka: majina ya kwanza ni ya watoto, yeye ni Merridew. Anadai uongozi kwa kuwa yeye ni mkuu wa wanafunzi na mkuu wa kwaya. Hapo mpwa wangu aliandika sentensi niliyoipenda kuliko zote: "Jack hakufundishwa kuamrisha na kisiwa, alikuja nako kwenye sanduku." Sanduku hakuwa nalo, lakini maana imefika.

Moto wa kwanza unawashinda, unakula kipande cha msitu. Piggy ndiye pekee anayeuliza yule mdogo mwenye baka usoni yuko wapi. Hakuna anayejua. Ralph anamkaripia: si nilikwambia uandike orodha? Piggy anajibu angeandikaje peke yake, vitoto vilisimama dakika mbili, kisha vikatawanyika baharini na msituni. Mtoto yule haonekani tena, na kwa kuwa hakuwa na jina, hata kumwita haiwezekani.

Sisi watu wa pwani tunaelewa haraka jambo hili. Mtoto asiyejulikana akipita barazani haulizwi kwanza anakwenda wapi. Anaulizwa, "Wewe mtoto wa nani?" Swali hilo linaudhi ukiwa na miaka kumi na umefanya kosa, kwa sababu jibu litatangulia nyumbani kabla yako. Kisiwani mwa Golding hakuna baraza. Kuna mtoto mmoja tu, Percival, aliyefundishwa kwao kutaja jina lake kamili na anwani, na kila akiogopa huyataja kama mtu anayesoma dua.

Ukurasa unaomaliza ubishi kwa upande wa binti huyu uko karibu na mwisho. Afisa amefika, watoto wamejipanga wakiwa na rangi na mikuki. Percival anajitokeza ajitaje, anaanza "Mimi, mimi", na hakuna kinachofuata, jina limefutika. Afisa anamuuliza Ralph mko wangapi. Ralph anatikisa kichwa, hajui. Hapo ndipo afisa anapotoa kauli ile maarufu ya kushangaa, kwamba alitarajia wavulana wa Kiingereza wafanye vizuri zaidi ya hapo. Wengi tunaikumbuka kana kwamba alikuwa akisema juu ya mauaji, wakati aliitoa mara tu baada ya kugundua kwamba hawajui idadi yao wenyewe.

Kabla sijaja upande wa mwalimu, neno moja kuhusu "ushenzi", kwa sababu nimelitumia mimi. Mshenzi, kwenye kinywa cha watu wa pwani wa zamani, alikuwa mtu wa bara. Na ustaarabu una Mwarabu ndani yake, ukiusikiliza vizuri. Lugha yetu iliamua mapema mshenzi anaishi wapi: kwingine. Hadithi za visiwa za Waingereza wa karne ya 19 zilifanya vivyo hivyo. Katika The Coral Island ya Ballantyne wavulana watatu, wawili wao wakiitwa Ralph na Jack, ni wema watupu, na uovu unaletwa na wenyeji na maharamia. Golding aliyachukua majina hayo makusudi ili auhamishe uovu, autie ndani ya Mwingereza. Ni jambo kubwa kwa mwandishi wa 1954. Ila alama alizotumia ni zilezile: rangi mwilini, mkuki, ngoma. Kwa wengi wetu hizo ni alama za harusi na jando. Na katika toleo la kwanza Piggy, akitaka kuwasuta wenzake waliojipaka rangi, anawafananisha na watu weusi kwa tusi ambalo matoleo mengi ya baadaye yamelibadili. Mpwa wangu alisoma lililobadilishwa. Nilipomweleza alinyamaza kidogo, akasema, "Kwa hiyo hata Piggy." Ndiyo, hata Piggy.

Siku hizi mtu akitaka kumpinga Golding hutaja Tonga, nchi ya visiwa katika bahari ya Pasifiki. Mwaka 1965 wavulana sita wa shule moja ya bweni mjini Nuku'alofa waliiba mashua, dhoruba ikawachukua, na siku nane baadaye wakatupwa kwenye kisiwa cha 'Ata. Walikaa humo zaidi ya mwaka mzima, mpaka nahodha Mwaustralia, Peter Warner, alipowakuta mwaka 1966. Walikuwa na bustani, zamu za kazi, moto usiozimika. Waliogombana walitengwa wapoe. Mmoja alivunjika mguu, wenzake wakaufunga kwa vijiti na majani, ukapona. Mwandishi Mholanzi Rutger Bregman aliifufua habari hiyo mwaka 2020, na tangu hapo inatajwa kama ushahidi kwamba Golding aliwasingizia watoto.

Mimi naona inathibitisha kitu kidogo zaidi. Walikuwa sita, marafiki, walitoroka pamoja kwa hiari yao na kusali pamoja asubuhi na jioni. Hakukuwa na mtu wa kuandikwa kwenye orodha, kwa sababu orodha walikuwa nayo kichwani. Mbona hatuulizi kwa nini 'Ata kilikuwa kitupu? Mwaka 1863 meli ya wafanyabiashara wa watumwa ilibeba wenyeji wake wengi, na waliobaki wakahamishwa. Watoto wa shule walikikuta na kuku na migomba ya watu waliokwishaondolewa na watu wazima wenye meli. Golding angecheka kwa uchungu. Afisa wake naye ana manowari nyuma yake, na yuko kazini.

Linalomsaidia zaidi mpwa wangu ni majaribio ya Muzafer Sherif, mwanasaikolojia wa Marekani. Mwaka 1953 aliwakusanya wavulana kambini katika jimbo la New York, akawaacha wazoeane kwanza, kisha akawagawa makundi mawili na kuwachokoza wagombane. Hawakugombana. Walianza kuwashuku wasimamizi. Mwaka uliofuata, mwaka uleule wa riwaya hii, alirudia Oklahoma na wavulana 22, safari hii makundi yakitengwa tangu mwanzo, kila moja lisijue la pili lipo. Hapo bendera zilichomwa moto na mabanda yakavamiwa. Sitaki kujenga nyumba nzima juu ya kambi mbili, lakini tofauti ile inaelekea kulekule anakoelekeza binti: walikuwa wamekwishajuana au la.

Sasa mwalimu. Wino wake mwekundu haukuwa wa kipumbavu. Simon alikuwa mwanakwaya. Walimjua kwa jina tangu nyumbani, na walimuua kwa mikono na meno. Na yuko Roger. Mapema kitabuni anajificha nyuma ya mnazi akimrushia mawe mtoto mdogo aitwaye Henry, lakini anarusha pembeni, kuna duara kumzunguka Henry asilothubutu kuligusa. Golding anasema mkono wake ulizuiwa na ustaarabu usiomjua kabisa, ambao wenyewe ulikuwa magofu. Mpwa wangu atasema: umeona, kizuizi kiko nje. Sawa. Ila hamu ya kurusha imetoka wapi? Hakuna aliyemtuma Roger. Alianza mwenyewe, peke yake, bila rangi wala ngoma. Kwa Jack naweza kuilaumu shule. Kwa Roger shule nzima haitoshi, na mpwa wangu hakumgusa hata kwa mstari mmoja. Hapo alama zilipotea kihalali.

Nikamrudisha na nyumbani. Usiku wa 13 Julai 1991, katika shule ya mchanganyiko ya St. Kizito huko Meru, wavulana waliokuwa kwenye mgomo walivamia bweni la wasichana waliokataa kugoma. Wasichana 19 walikufa, makumi wengine walibakwa. Hapakuwa kisiwa. Palikuwa na walimu, sheria na daftari la mahudhurio, na kila mvulana aliyajua majina ya wasichana wale, maana walikaa darasa moja. Nikamuuliza: hapo orodha yako ilisaidia nini?

Hakujibu haraka, nami sikufurahia kumshinda kwa namna hiyo. Tena nilikuwa nimemficha kipande. Baadaye iliripotiwa kwamba naibu mkuu wa shule alieleza kuwa wavulana hawakuwa na nia mbaya kwa wasichana, walitaka kuwabaka tu. Ukiisikia kauli hiyo, hoja inageuka tena. Jina linaweza kuwemo kwenye daftari na lisiwe na uzito, kama wakubwa waliolishika daftari wamekwishaliona jepesi. Kwa hiyo nasimama hapa, na si katikati kwa heshima ya wote wawili: mwalimu yuko sahihi kwamba mkono wa Roger ni wa Roger, lakini swali lake lilimlazimisha mwanafunzi akubali jibu kabla hajafungua kitabu. Binti amekisoma vizuri zaidi ya swali alilopewa.

Kuna ukurasa nilimwonyesha ambao hakuutumia, na ungemtetea kuliko maneno yangu. Kabla ya kusukuma jabali, Roger anatazama chini kutoka juu ya mwamba. Hamwoni Ralph wala Piggy. Anachokiona ni nywele zilizotimka na gunia la mafuta. Kisha anaegemea lile gogo la kusukumia jabali.

Mtihani ni mwezi ujao. Ameniambia ataandika jibu wanalolitaka: kombe, rangi, mnyama wa ndani. Sikumkataza, karo si yangu. Ila jana nililiona daftari mezani, aya yake ya kwanza haijakatwa. Ameipigia mstari kwa penseli, na pembeni, chini ya ule wino mwekundu, ameongeza maneno mawili kwa herufi ndogo: Roger? Kizito?