Michoro ya Comuna 13 sio urembo

Ikitajwa tu habari ya kuchora kuta za mitaa iliyochoka, mmoja atasema rangi haileti maji, mwingine atasema rangi inaleta matajiri. Huyu wa pili ana hoja nzito na mfano wake ni Wynwood kule Miami. Tony Goldman, mwekezaji wa majengo, alishajinunulia majengo pale ndo mwaka 2009 akafungua Wynwood Walls na kuita wachoraji wenye majina, bei za nyumba zikapaa, na Wapuerto Rico waliouzoea ule mtaa miaka na miaka kodi ikaanza kuwashinda. Pale mchoro ulikuwa tangazo la biashara ya majengo, sibishi.

Ila Comuna 13, mtaa wa mlimani wa Medellín, Kolombia, inaeleweka vibaya sana. Watu wanaona watalii na selfi, wanasema kilichoubadilisha mtaa ni zile ngazi za umeme za 2011, mita 384 kwenye mlima ambao zamani kuupanda ilikuwa sawa na kupanda ghorofa 28 kwa miguu. Ngazi zimesaidia mno, mwenye mgonjwa au mzigo wa sokoni anajua. Lakini hazisemi yaliyotokea pale. Oktoba 2002 jeshi na polisi waliingia na helikopta kuwasaka waasi, wakaiita Operesheni Orión, vijana wakapotea, mama zao wakawa wanasema miaka zaidi ya 20 kwamba watoto wamefukiwa La Escombrera, dampo la vifusi mlimani, wakaitwa vichaa. Vijana wa hip hop wa hapohapo, kikundi cha Casa Kolacho na wenzao, ndo waliokuwa wanaweka habari za mtaa wao ukutani, na ndo hao hao wanawatembeza wageni na kuwasimulia, kwahiyo hela ya mgeni inaingia mfukoni mwa mtu wa mtaa.

Desemba 2024 mabaki ya watu yakapatikana kweli La Escombrera. Januari 2025 ukachorwa mchoro mkubwa mjini unaosema wale mama walikuwa sahihi, serikali ya jiji ikaupaka kijivu, jiji lile lile linaloringia michoro yake kwa watalii! Watu wakarudi wakauchora upya. Mimi hiyo ndo naiona faida yenyewe, mtaa ulioitwa wa wahalifu umepata pa kusema na mama waliodharauliwa wamesikika nchi nzima, hilo huwezi kulipima kwa idadi ya hoteli.

Sasa tofauti kubwa na Wynwood ni nani mwenye nyumba. Comuna 13 watu wengi walijijengea wenyewe. Ukileta wazo hili Kibera, Nairobi, wengi ni wapangaji na mwenye nyumba mara nyingi haishi pale, kwahiyo mradi wa michoro ukija bila makubaliano ya kodi yaliyoandikwa, wa kwanza kufaidi atakuwa yeye, na kijana aliyeshika brashi atatafutiwa notisi ya kuhama.