Windows 10 imekatiwa apdeti, na vitambulisho vyetu vimo humo humo

Juzi nilikuwa steshenari moja hapa mjini nasubiri kuprinti barua, mbele yangu kuna binti anajaziwa maombi ya mkopo wa bodi. Namba ya NIDA, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, namba ya simu ya mdhamini, vyote vinaingia kwenye ile kompyuta ya dukani. Folda ya Downloads ikafunguliwa kutafuta faili lake, na humo ndani zimejaa skani za vitambulisho vya watu wengine kabisa, za miezi na miezi. Mara kioo kizima kikajaa tangazo kwamba Windows 10 haipati tena ulinzi. Kijana akalifunga, akaendelea kutaipu. Simlaumu hata kidogo, alikuwa na foleni ya watu mpaka mlangoni.

Ila jambo hili limenikaa rohoni. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kutoa apdeti za bure za usalama kwa Windows 10, na huku kwetu maisha yakaendelea kama hakuna kilichotokea, kwa sababu kompyuta haikuzimika. Inawaka vizuri, Word inafunguka, printa inaprinti. Hatari yenyewe haionekani kwa macho. Kila mwezi yanagundulika matundu mapya ya usalama ndani ya Windows, na mengi yanazigusa Windows 10 na 11 zote mbili kwa sababu zina msingi mmoja. Tundu likizibwa kwenye 11, wezi wanaichukua ile apdeti, wanaichambua waone kilichobadilishwa ni nini, halafu wanajua kabisa pa kuingilia kwenye 10 iliyoachwa wazi. Yaani kadri siku zinavyokwenda ndo mashine inazidi kuwa rahisi kuvamiwa, hata kama mwenye nayo hajagusa kitu.

Ushauri wa Microsoft ni uhamie Windows 11, tena bure. Sawa, lakini Windows 11 inataka TPM 2.0, yaani chipu ya kutunza funguo za siri za kompyuta, na prosesa ya Intel ya kizazi cha nane kwenda juu, ukiacha chache sana. Sasa nenda Kariakoo kwenye maduka ya mitumba ya laptopu uone watu wananunua nini. EliteBook 840 G3 ni kizazi cha sita. Zile desktopu za OptiPlex 3020 zilizojaa maofisini na steshenari ni kizazi cha nne. Ni mashine nzima, ukiiwekea SSD na RAM ya kutosha inapiga kazi kutwa nzima bila kulalamika, na mtu kajichanga kuinunua. Leo anaambiwa haifai.

Na hapa ndipo panaponiuma. Wateja wa nyumbani katika nchi za Eneo la Uchumi la Ulaya wamepewa mwaka mzima wa apdeti bila malipo, mpaka Oktoba 2026, na hawakupewa kwa huruma, vyama vya kutetea walaji kule vilibana mpaka Microsoft wakalegeza masharti. Sisi wengine tuliambiwa tulipe dola 30, au tusinki, yaani tuhifadhi mipangilio ya kompyuta kwenye akaunti ya Microsoft, au tutumie pointi 1,000 za Microsoft Rewards, zile za zawadi kwa wateja wao. Haya, nakubali, njia ya kusinki haikutoi hela mfukoni. Lakini hiyo ni ya matumizi ya nyumbani. Biashara bei yake ni dola 61 kwa kila mashine kwa mwaka wa kwanza, mwaka unaofuata inapanda mara mbili, na wa tatu mara mbili tena. Steshenari ni biashara. Mtu anayeprinti ukurasa kwa shilingi mia, ana kompyuta tatu, unategemea atoe dola 183 ili tu asivamiwe? Hatatoa, na wala hataambiwa kwamba kuna kitu kama hicho.

Msiniambie kwamba haiwezekani kuzihudumia mashine za zamani. Mei 2017 WannaCry, programu hasidi inayofunga mafaili na kudai hela, ilipozivamia kompyuta zaidi ya laki mbili katika nchi kama 150, hospitali za Uingereza zikaahirisha mpaka operesheni za wagonjwa, Microsoft walitoa apdeti ya dharura hata kwa Windows XP, ambayo walishaiacha tangu Aprili 2014. Walipotaka waliweza. Na tukumbuke apdeti ya kuziba tundu ambalo WannaCry ililipitia kwenye matoleo yaliyokuwa bado yanahudumiwa ilitoka Machi, miezi miwili kabla. Walioumia ni wale ambao haikuwafikia au hawakuiweka. Sasa hivi tunatengeneza kundi kubwa la watu wa aina hiyo kwa makusudi.

Najua kuna atakayesema mashine nyingi huku zina Windows ya kukraki, kwa hiyo hatuna haki ya kudai. Ni kweli zipo nyingi, na mafundi wanaozima antivairasi ili activator, ile programu ya kukrakia, ifanye kazi wanatuumiza, hilo naomba liishe. Lakini yule binti wa mkopo wa bodi hakukraki chochote.

Wapo wanaosema tuachane na Windows twende Linux Mint, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta. Mimi naunga mkono, mifumo mingi tunayojazia fomu inafunguka kwenye brauza tu, na mashine ya kizazi cha nne inaibeba vizuri. Shida ni mafundi wa kuiweka na kumfundisha mwenye duka, bado ni wachache mno.

Hapa Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, tuna Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, tuna Tume ya Ushindani yenye kazi ya kumlinda mlaji. Naomba wakae na wenzao wa Kenya na Uganda, waandike barua moja kwa Microsoft, waulize kwa nini walaji wa Ulaya walipewa bure na wa huku tukawekewa masharti, na waombe duka dogo la kuprinti lihesabiwe kama mtumiaji wa nyumbani. Waandike sasa, sio mpaka taarifa za watu zianze kuuzwa ndo tuitiwe waandishi wa habari.