Kusuka au Kufuma? Kamusi Imetuacha Solemba

Fungua kamusi ya Kiingereza na Kiswahili, tafuta neno "weave". Utapewa "suka; fuma", basi. Hiyo nukta mkato ya katikati ndiyo mama wa balaa zote. Mtunga kamusi kaiweka pale akaenda kunywa chai, na huku mtaani watu wanauziwa "sweta la kusukwa kwa mkono". Sweta halisukwi, jamani! Linafumwa. Kinachosukwa ni nywele, mkeka, kikapu, kikosi cha timu, na njama za kumng'oa mwenyekiti wa kikoba.

Na tofauti hiyo si ya mdomo tu. Ukifuma kitambaa unahitaji nyuzi zenye kazi mbili. Mtande unavutwa kwa urefu na kutulia kama abiria wa dirishani; mshindio unaukata upande, juu chini, juu chini. Mtande ukilegea, kitambaa kinatoka na mawimbi. Mshindio ukivutwa sana, kingo zinaingia ndani na shuka linaota kiuno. Kwenye kusuka hakuna abiria wala kondakta: kila chane (kile kipande chembamba cha kusukia) inatembea mshazari, sasa hivi iko juu, ikigeuka iko chini.

Sweta lenyewe hata mtande halina. Ni uzi mmoja tu, kitanzi ndani ya kitanzi, na kimoja kikichoropoka kwenye sindano kinateremka mpaka pindoni na kukuachia ngazi mgongoni. Mwingereza kwa kazi hiyo ana "knit", yenye k ya mapambo isiyosomwa. Ukitumia sindano ya ndoana inakuwa "crochet", mali ya Mfaransa, na hapo t ndiyo haisomwi. Kusuka nywele Mwingereza anasema "plait": kaiandika vile halafu anaitamka "plat". Mmarekani akachoka akasema "braid". Haya yote kamusi inayapanga mstari mmoja na kuyaita visawe. Visawe gani hivi, kila kimoja na sindano yake?

Sasa njoo saluni. Nywele zinaitwa wivingi, yaani kufuma, na pale hakuna anayefuma hata chembe. Msusi anasuka kwanza mistari ya chini, myembamba, iliyolala. Kisha anachukua sindano iliyopinda, anapitisha uzi chini ya mstari (chini ya mstari, dada, si chini ya ngozi!) na kuushona ukanda wa nywele, anapiga fundo, anaendelea. Ni kusuka halafu kushona. Ufumaji umebaki kwenye jina tu: ule ukanda wenyewe Mwingereza anauita "weft", ndiyo mshindio huohuo.

Pakiti mbili au tatu, saa mbili au tatu shingo imepinda, na mashtaka yanaanza usiku uleule. Mistari ya mbele ikikazwa mpaka nyusi zikapanda, vipele vinatoka kwenye mashina ya nywele; rudia hivyo miezi na miezi, paji la uso linahamia utosini. Ukiosha ukalala bila kukausha mistari ya chini, kichwa kinanuka kama kanga iliyosahauliwa kwenye beseni. Ukizipitisha wiki nane, nywele mpya zimeota, mistari imening'inia, na kutoa kunakuwa vita ya kukata uzi bila kukata nywele. Na huko kutoa kunaitwaje? Kufumua! Zimesukwa, zimeshonwa, zinafumuliwa. Kiswahili nacho kina vituko vyake. (Wivingi na wivu hawana undugu kwenye kamusi, mwulize anayelipa.)

Mkeka nao ndio hivyohivyo. Ukindu unakaushwa juani mpaka unapauka, unachanwa chane za upana mmoja, za rangi zinachemshwa na rangi. Kabla ya kusuka unaulowesha kidogo, maana mkavu unakatika kwenye kona. Ukiulowesha kupita kiasi, chane zikikauka zinasinyaa na ukili (ule ukanda mrefu uliosukwa) unaacha mianya ya kupitisha dengu. Zikipishana upana, ukili unapinda kama barabara ya mlimani. Ukili ukishakuwa mrefu wa kutosha, kili zinashonwa ubavu kwa ubavu. Umeona? Kushona tena. Halafu anakuja kijana kukwambia mkeka wake umechanika. Unamwonea huruma, unamwuliza ni wa ukindu au wa plastiki, kumbe ni mkeka wa kubeti: mechi saba, ya mwisho imetoka sare.

Kamba ndiyo isiyotaka utani. Haisukwi wala haifumwi: inasokotwa, wengine tunasema inapotwa. Nyuzi mbili unazizungusha kila moja kulia, kisha unaziunganisha kwa kuzizungusha kushoto, zinakabana zenyewe. Ukizungusha kote upande mmoja, ukiachia tu inajikunjua. Kitu kingine kinachosokota bila kufundishwa ni tumbo.

Mwingereza hakutosheka. Bodaboda akipenyapenya katikati ya magari, eti naye "weave". Hapo wakati uliopita ni "weaved", lakini kitambaa ni "wove", na kilichokwisha ni "woven". Kumbe ni maneno mawili yaliyokutana mlangoni yakavaa kanzu moja: la kitambaa ni la Kiingereza cha kale, la kuyumbayumba lina asili ya Skandinavia. Mwanafunzi akichanganya anakatwa maksi. Bodaboda akichanganya, hatujui kama atafika.

Ofisini napo: "Mzee, mfumo umeanguka." Mfumo hauanguki! Neno limezaliwa na kufuma, likiharibika linafumuka. "Basi mtandao ndio haupo." Mtandao ni wa kutanda, ndugu wa mtande, na kitanda hakiko mbali. Na kitanda cha zamani kilitandwa kweli: fremu ya miti, kamba zinapita tundu kwa tundu, za urefu na za upana. Baada ya muda kamba zinalegea, mnakutana katikati bondeni mtake msitake. Basi mnashuka usiku wa manane, mmoja anaegemea fremu isikimbie, mwenziwe anavuta kamba kuanzia kichwani, tundu moja baada ya jingine mpaka miguuni, anafunga upya. Kikaitwa teremka tukaze. Kikilegea, kila mtu anajua nani ashuke na kamba ipi ivutwe. Huu mfumo wa dirisha namba nne ukilegea, wanakwambia uje Jumatatu na kopi mbili.